Mgeni Aliyekisemea Kilio Chetu: Remmy Ongala Tukimtazama kutoka Ufipa



Huku Ufipa, kwenye uwanda wetu wa Sumbawanga, historia ya utawala inaanza na wageni. Wazee husimulia kwamba mfalme wa Milansi alikuwa porini akiwinda walipofika wanawake watatu wa ukoo wa Twa, wasiojulikana na mtu. Aliporudi, kiti chake kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Nikiisikia simulizi hiyo humkumbuka mgeni mwingine, ambaye hakutaka kiti cha mtu: mwanamuziki Ramazani Mtoro Ongala, aliyeitwa Dokta Remmy.

Alizaliwa Kindu mwaka 1947, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Maniema huko Kongo. Kiswahili kilifikaje kule? Kilikwenda kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka pwani, mingine ikavuka Ziwa Tanganyika kutokea Ujiji, mingine ikazunguka kusini ikipita Ufipa hii kuelekea Itabwa, ng'ambo ya ziwa. Njia zile ziliacha vilio vingi, lakini ziliacha pia lugha, na watu wa Kindu wakaifanya yao, wakasema "batoto" pale tunaposema "watoto". Kwa hiyo Remmy alipoingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, hakuja kujifunza lugha ya ugenini. Lugha ilikuwa inarudi ilikotoka, imebebwa na mpiga gitaa.

Makassy walipohamia Nairobi, yeye alibaki. Akaingia Orchestra Matimila, ambayo kwa jina la Super Matimila ikawa bendi yake.

Naomba tukae kidogo kwenye neno moja: mnyonge. Maskini hana kitu. Mnyonge anaweza hata kuwa na ng'ombe wawili na shamba la maharage, lakini akifika mbele ya mwenye nguvu sauti humkauka. Mkulima wa Laela, huku kwetu, aliyepeleka mahindi yake sokoni akapangiwa bei na mnunuzi, akaipokea kwa sababu jioni inaingia na nauli ya kurudia hana, huyo analielewa neno hili bila kamusi. Remmy aliliimba miaka yote, na mashabiki wakamwita sauti ya mnyonge. Mimi naamini ugeni ulimsaidia. Mwenyeji huzoea, naye mgeni bado anashtuka.

Sikilizeni anavyofanya katika wimbo wake "Kifo". Hakitungii kifo mafumbo. Anakikabili, anakiuliza maswali kama mtu aliyeibiwa anavyomkabili mwizi wake njiani, huku magitaa yanazunguka taratibu chini ya sauti yake nzito. Watu walicheza wimbo wa msiba. Waliofiwa wananielewa: ngoma ya mazishi nayo ina miguu.

Kisha ukaja "Mambo kwa Soksi", miaka ambayo UKIMWI ulikuwa unatajwa kwa kunong'ona. Alizungumzia kondomu waziwazi. Radio Tanzania haikuupiga, nao ukasambaa kwa kanda na kumbi za dansi. Nauheshimu wimbo huo kuliko nyimbo zake zote. Mtu asiyezaliwa hapa angeweza kusema hayo si yangu, akaimba mapenzi, akalala salama. Yeye alichagua kututahadharisha.

Uingereza ilimsikia pia. Mwaka 1988 alipanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na kampuni ya Real World ikatoa albamu zake, "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Baadaye maradhi yalimpunguzia nguvu, akageukia nyimbo za dini, na tarehe 13 Desemba 2010 akafariki dunia jijini Dar es Salaam.

Vijana wetu wengi huteremka kutoka uwanda huu kwenda jijini kutafuta maisha. Wakipanda daladala ya Sinza, kuna kituo ambapo konda hugonga bodi kwa kiganja na kuita, "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" Abiria huinuka na mizigo yao, wanajibu "Shusha!", na wengi wao hawajui kwamba mwenye jina la kituo hicho alitoka Kindu.