Njia Mbili za Mtandao, Huduma Moja

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya Watendaji wa Kata na wakuu wa vituo vya huduma)



Mwananchi anayetoka Gorong'a kuja Nyamwaga kulipia huduma hupewa namba ya malipo, nayo hutolewa na mfumo ulio mbali na hapa. Mtandao ukikatika, hurudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwisha. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii nizungumzie jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi pekee: kugawa mzigo wa mawasiliano kwenye njia mbili zinazounganisha ofisi mbili.

Tuchukue mfano wa ofisi kuu na hospitali zilizounganishwa kwa mkongo, na pia kwa redio kupitia mnara. Wengi wetu tungetumia mkongo, redio tukaiacha isubiri. Hasara yake ni mbili: tunalipia kisichofanya kazi, na siku tunapokihitaji ndipo tunagundua kuwa kiliharibika zamani. Ni heri njia zote mbili zifanye kazi kila siku.

Hata hivyo, kugawa kuna kanuni zake.

Kwanza, taarifa husafiri mtandaoni kwa vipande vidogo. Kupeleka kipande kimoja huku na kingine kule ni sawa na kuwagawia matarishi wawili kurasa za barua moja: ukurasa wa tano hufika kabla ya wa pili, na mpokeaji husubiri au huomba zitumwe upya. Kwa hiyo ruta huelekezwa kupitisha vipande vyote vya mawasiliano mamoja kwenye njia ileile, na mawasiliano mengine kwenye njia ya pili. Faida huonekana watumiaji wanapokuwa wengi; faili moja kubwa halitakwenda kasi maradufu.

Pili, mgawo ufuate uwezo. Njia ya megabiti 100 kwa sekunde na ya megabiti 20 zisipewe nusu kwa nusu, kwani ndogo itafurika ilhali kubwa ina nafasi. Zigawiwe tano kwa moja.

Tatu, tuikumbuke siku ya ajali. Njia mbili za megabiti 50, kila moja ikibeba 40, zinaonekana kuwa na nafasi. Ikikatika moja, mzigo wa 80 huiangukia njia ya 50, na kila huduma hukwama, dirisha la dawa likiwamo. Lazima iamuliwe mapema kwamba hospitali na malipo vitangulia, video na upakuaji wa programu visubiri. Uamuzi huo si wa fundi. Ni wetu sisi tunaowajua wananchi.

Nne, njia ziachane kwelikweli. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Zilikuwa mbili kwa jina, lakini hatari yao ilikuwa moja. Vivyo hivyo, nyaya mbili zilizolazwa ndani ya mtaro mmoja hukatwa na greda moja, na vifaa viwili vinavyotegemea umeme mmoja huzimika pamoja.

Ndugu zangu, naomba mambo matatu. Kila idara iorodheshe huduma zake zisizoweza kusubiri. Kila Mtendaji atoe taarifa kabla barabara au mtaro haujachimbwa katika kata yake. Na wataalamu wetu wa TEHAMA wapewe muda, baada ya saa za kazi, wa kuzima njia moja kwa makusudi ili tuone kama ya pili inahimili. Ni afadhali tuujue udhaifu wetu jioni tukiwa wenyewe kuliko asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa mlangoni.