Anayeshindwa Kusoma Hati



Kila tishari linapofunga gati katika bandari ya Juba baada ya safari ndefu ya Mto Nile kutoka Malakal, karatasi hushuka kabla ya mzigo. Askari wa zamu hukabidhiwa hati ya shehena: magunia ya mtama kadha wa kadha, mifuko ya saruji, jina la mwenye mali. Wako askari hodari, wawezao kutaja kwa kichwa kila chombo kilichoingia tangu mwezi uliopita, ambao mbele ya karatasi hiyo hutokwa jasho. Husemwa kuwa ni wavivu au wajinga. Hukumu hiyo aghalabu hutolewa bila upelelezi.

Sababu iliyo kubwa kupita zote hapa ni kukosa shule. Vita vya 1955 hadi 1972, na vile vya 1983 hadi 2005, viliwanyang'anya watoto madaftari. Takwimu za taifa za 2009 zilionyesha kwamba watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa 27 tu katika kila 100. Aliyekosa mwalimu hana kasoro, apewe mwalimu. Tena wako waliofundishwa kwa Kiarabu, na wengine kwa Kiingereza wakiwa ukimbizini Kenya au Uganda, kisha wakakutana katika kikosi kimoja. Asomaye vizuri kutoka kulia haitwi mbumbumbu kwa kuwa hati imeandikwa kutoka kushoto.

Lakini yuko mwingine, aliyekaa darasani miaka sawa na wenzake, naye herufi zikamkataa. Hali hiyo wataalamu huiita disleksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu na hodari wa hesabu, mwenye macho mazima, aliyefundishwa tangu umri wa miaka 7 bila kufanikiwa kusoma. Mwalimu wake aliona kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewashinda wenzake.

Leo yafahamika kwamba chanzo kimo katika ubongo, katika kazi ya kuunganisha sauti za maneno na alama zinazoandikwa. Mtu huzaliwa nayo, hukua nayo, na mara nyingi huandama ukoo. Hukadiriwa kuwa watu 5 hadi 10 katika kila 100 wanayo. Kiingereza huwatesa zaidi, kwani maandishi yake hayafuati matamshi. Kwa lugha kama Kiswahili mtu huyo huweza kusoma sawasawa, ila polepole mno. Basi baba anayemchapa mwanawe fimbo kwa kusoma vibaya, huenda anamwadhibu kwa kile alichomrithisha yeye mwenyewe. Mtoto huyo husaidiwa kwa kufundishwa sauti na herufi moja moja, kwa utaratibu na kwa kurudiarudia. Fimbo haijapata kumfundisha.

Iko sababu nyingine inayowahusu askari hasa, nayo ni jeraha la kichwa. Mwaka 1943 luteni mdogo wa jeshi la Kisovieti, Lev Zasetsky, alipigwa risasi ya kichwa katika mapigano ya Smolensk. Alikuwa mtu wa elimu. Alipozinduka, hakuzitambua herufi. Alitibiwa na Alexander Luria, akaanza alifabeti upya kama mtoto. Ajabu ni kwamba mkono wake ulikumbuka kuandika kabla ya macho kukumbuka kusoma, na kwa miaka mingi aliandika kurasa zipatazo 3,000 za maisha yake, ambazo kuzisoma mwenyewe kulimwia kazi ngumu.

Kwa hiyo mkuu wa kikosi amuulize askari wake mambo mawili: alisoma wapi na kwa lugha gani, na je, kusoma kumemshinda tangu utoto au tangu alipoumia? Na yule aliyesoma hati vizuri jana, leo asubuhi maneno yakampotea ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja zamu iishe, maana huenda mshipa wa damu umeziba au umepasuka kichwani.