Mtoto Akikaza Shingo Baada ya Dawa ya Kutapika



Leo tuangalie jambo linalotisha sana nyumbani. Mtoto alikuwa anatapika, akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, shingo inapinda, macho yanaelekea juu, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Jirani mmoja anasema ni degedege, mwingine anasema amerogwa. Huenda ni ile dawa.

Ubongo hufanya kazi kwa kutuma ujumbe. Mjumbe mmoja anaitwa dopamini. Hutoka kwenye chembe moja ya ubongo, huvuka nafasi ndogo sana, kisha hushika kwenye chembe ya pili kama ufunguo kwenye kufuli. Mjumbe ni yule yule, lakini kazi hutegemea mahali. Katika sehemu ya kutapika, huamsha kutapika. Katika sehemu inayoongoza misuli, huifanya isogee vizuri bila kukaza.

Dawa ya metoklopramaidi, ambayo wengi huijua kama Plasil, huziba kufuli hizo. Kutapika hupungua, lakini ikiziba na zile za misuli, misuli hujikaza yenyewe. Watoto na vijana hupatwa zaidi, hasa dozi ikizidi.

Mtoto wa namna hii kwa kawaida ana fahamu: anakusikia, hata analia. Lakini usijiamulie nyumbani, kwa maana pepopunda na homa ya uti wa mgongo pia hukaza shingo. Fanya hivi:

Usimpe tena dawa hiyo. Usimnyooshe shingo kwa nguvu, wala usimtie kijiko mdomoni. Mpeleke hospitali mara moja, ukibeba pakiti ya dawa. Ikiwa ni dawa, iko sindano ya kuilegeza misuli, na mara nyingi mtoto hutulia baada ya dakika chache.

Je, mtoto anayeharisha na kutapika apewe nini? Mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Endelea kumnyonyesha. Kwa kuharisha, kituo cha afya kitakupa pia zinki, ya siku 10 hadi 14. Akitapika kila kitu, usingoje, mpeleke.

Mama, usimnunulie mtoto dawa ya kutapika bila kupimwa, wala usimgawie ya mtu mzima iliyobaki nyumbani. Kidonge kile kile kinachomtuliza baba kinaweza kumkaza mtoto.