Utando Mwembamba wa Kukamata Jua: Yapasayo Kupimwa Kabla Chama Hakijanunua

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kwihara, Tabora)



Hapa Kwihara pana tembe alimokaa Dr. Livingstone mwaka 1872. Aliingia pamoja na Stanley tarehe 18 Februari. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, naye Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa hadi tarehe 25 Agosti. Habari ya kungoja huko inajulikana na wengi, bali sababu yake hukumbukwa na wachache. Mwaka uliotangulia Livingstone alifika Ujiji hali amedhoofika, akitumaini kuikuta mali aliyopelekewa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Daftari halikuwapo, wala mkaguzi hakuwapo. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia hiyo ya misafara ina funzo la pili. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba merikani, kaniki, nyaya za shaba na shanga. Kila nchi ilikuwa na shanga yake iliyopendwa, na rangi iliyokubaliwa Unyamwezi yaweza kukataliwa kwingine. Mfanyabiashara aliyenunua pwani kwa kuvutiwa na bei, asiulize wenyeji, alibebesha watu mzigo miezi mingi na mwisho akakosa wa kuupokea.

Siku hizi mzigo umebadilika. Vyama vya msingi vinahitaji umeme: taa ya ghala, mizani, simu, na kompyuta ya kuingizia hesabu katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU. Pale ambapo nguzo za umeme hazijafika, jua ndilo tegemeo, na jua la mikoa hii ni jingi. Nchi ya Tanzania hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Lakini vyombo vya kulikamata jua vinabadilika upesi, na jina jipya limeanza kusikika: peroviskaiti. Yafaa katibu na mwanachama walielewe jina hilo kabla fedha ya mkulima wa tumbaku au mrina asali haijatoka sandukuni.

UTANDO NI NINI?

Maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando juu. Utando unaozungumzwa hapa ni wa namna hiyo, ila ni mwembamba zaidi sana, nao hutandazwa juu ya kioo au bati. Nyingi za tando hizo ni oksidi, yaani madini yaliyoungana na hewa ya oksijeni. Jambo hilo si geni katika Unyamwezi. Kutu ya jembe ni oksidi ya chuma. Na mawe ambayo wahunzi wa zamani waliyeyusha katika matanuru yao ili kupata majembe yalikuwa ni oksidi hiyo hiyo.

Oksidi nyingine nazo zimo nyumbani. Oksidi ya titani ndiyo huipa rangi ya ukuta weupe wake. Oksidi ya zinki hutiwa katika malhamu ya ngozi. Oksidi ya bati hutokana na madini ya bati kama yale yachimbwayo Kyerwa, mkoani Kagera. Ajabu ya oksidi ya bati ni kwamba ikichanganywa na florini kidogo na kutandazwa juu ya kioo, hupitisha mwanga na hupitisha umeme pia. Vitu viwezavyo kufanya yote mawili kwa pamoja ni vichache mno.

Seli ya peroviskaiti hujengwa tabaka juu ya tabaka. Chini ni kioo chenye utando wa oksidi ya bati. Juu yake huwekwa utando wa oksidi ya titani, au ya bati iliyo safi, ambao kazi yake ni kama mlango wa upande mmoja: huruhusu chembe za umeme kutoka na kuzizuia zisirudi. Kisha huja peroviskaiti yenyewe, ambayo hupokea mwanga na kuamsha chembe hizo. Mwisho ni tabaka la kupokea upande wa pili, na chuma cha kuunganishia waya. Utando wa peroviskaiti una unene wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kipande cha silikoni katika paneli za kawaida hukaribia sehemu 150 za namna hiyo.

Hapo ndipo penye tumaini la unafuu. Silikoni huyeyuka katika joto lipitalo nyuzi 1400, na kuisafisha ni kazi ya gharama. Peroviskaiti huyeyushwa katika maji ya dawa, ikatandazwa mfano wa rangi, na kukaushwa katika joto la nyuzi 100 hivi.

KUTOKA 1839 HADI LEO

Mwaka 1839 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Huko Ufaransa, Edmond Becquerel aligundua kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Na Mjerumani Gustav Rose akaeleza jiwe lililotoka milima ya Ural, akaliita kwa jina la Lev Perovski wa Urusi. Jiwe lile ni kalsi, titani na oksijeni. Peroviskaiti za seli za jua si jiwe lile lenyewe; zina mpangilio wa chembe unaofanana nalo, bali aghalabu zimefanywa kwa risasi na iodini pamoja na chumvi nyingine.

Mambo hayo mawili yalikutana baada ya miaka 170. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walitumia peroviskaiti katika seli ya jua, ikageuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza, Korea ya Kusini na Uswisi walifikia kiasi cha asilimia 10. Hivi sasa maabara zimepita asilimia 26, na peroviskaiti ikiwekwa juu ya silikoni imepita asilimia 34. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilipeleka kwa mnunuzi paneli za kwanza za namna hiyo kwa biashara.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi imechunguza tando za oksidi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka na wenzake wa Uppsala walichapisha uchunguzi wa utando wa oksidi ya vanadi, ambao hubadilika kioo kinapopata joto na kuzuia sehemu ya joto la jua. Walionyesha kwamba magnesi ikitiwa humo, utando hupitisha mwanga zaidi na hubadilika katika joto dogo zaidi. Vanadi na titani zimo katika mawe ya chuma ya Liganga, Ludewa. Kwa hiyo elimu hii inahusu pia mali iliyomo ardhini mwa Tanzania.

KASORO YA PEROVISKAITI

Wanachama wasidanganywe na asilimia. Nyingi ya rekodi hizo zilipatikana kwa seli ndogo, ambazo aghalabu hazizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ghala la chama linataka kitu kitakachovumilia masika na kiangazi miaka ishirini. Peroviskaiti ina maadui watatu: unyevu, joto na mwanga mkali wenyewe. Maji yakipenya, utando wake wa rangi nyeusi ya kahawia hugeuka manjano, na umeme hufifia. Paneli inayokubaliwa kwa kanuni za kimataifa hujaribiwa kwa saa 1000 katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Paneli za silikoni zimezoea kufaulu jaribio hilo, na nyingi huuzwa na ahadi ya miaka 25. Peroviskaiti bado inajitafutia sifa hiyo.

Jambo la pili ni risasi. Kiasi chake katika paneli ni kidogo. Betri moja ya gari ina risasi nyingi zaidi mara elfu kadhaa. Lakini risasi ya peroviskaiti huyeyuka katika maji. Paneli iliyopasuka juu ya paa linalokinga maji ya mvua ya kunywa si jambo la kupuuzwa. Paneli ya namna hiyo ishushwe mara moja, wala isitupwe shambani au kisimani.

FUNZO LILILOTOKA KENYA

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la mbali. Sivyo. Utando mwembamba ulikwisha uzwa Afrika Mashariki kwa wingi. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Kenya walinunua kwa fedha taslimu paneli ndogo za wati 12 hivi, zilizofanywa kwa utando wa silikoni isiyo na mpangilio. Kufikia mwaka 2000 nyumba zaidi ya laki moja zilikuwa na umeme wa jua.

Utando ule ulikuwa na tabia iliyojulikana kwa wataalamu tangu 1977: hupoteza sehemu ya nguvu katika miezi ya kwanza ya kupigwa na jua, kisha hutulia. Muuzaji mwaminifu huandika nguvu inayobaki baada ya kutulia. Muuzaji asiye mwaminifu huandika ile ya siku ya kwanza, au hata zaidi yake. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli zilizokuwa zikitumika majumbani. Wakaona kwamba aina nyingi zilikuwa nzuri na za nafuu, lakini moja ilikuwa chini mno ya nguvu iliyotangazwa. Dukani zote zilionekana sawa. Vipimo vya 2004 na 2005 vikaonyesha kwamba aina nyingine dhaifu zimeingia sokoni. Maana yake ni kwamba kupima mara moja hakutoshi. Soko hutazamwa daima.

HESABU YA GHALA

Chukua mfano wa chama kilichonunua paneli iliyoandikwa wati 100. Jua la saa 5 kamili kwa siku hutoa wati-saa 500. Ukiondoa kiasi kipoteacho katika nyaya na betri, hubaki kama 400. Taa nne za wati 5 kwa saa 6 hutumia 120. Kompyuta ya wati 30 kwa saa 5 hutumia 150. Simu kumi hutumia 100. Jumla ni 370, na chama kina akiba ya 30.

Sasa paneli ile iwe kwa kweli ni ya wati 70. Kinachopatikana ni 280, na upungufu ni 90 kila siku. Upungufu huo hubebwa na betri. Betri isiyojazwa hufa mapema. Ikifa, mizani huzimika msimu wa kupokea mazao, na uzito huandikwa kwa kukisia. Mkulima haoni utando wala oksidi. Huona kilo zake zimepungua, na hulaumu katibu. Hivyo uongo wa kibandiko cha paneli huishia kuwa ugomvi katika mkutano mkuu.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Kwanza, ununuzi upitishwe na mkutano na kuandikwa katika kumbukumbu. Ikiwa ni kwa mkopo, ukomo wa madeni uliopitishwa kwa mujibu wa sheria usivukwe.

Pili, kamati iulize kwa maandishi: paneli ni ya silikoni au ya utando? Nguvu iliyoandikwa ni ya siku ya kwanza au ya baada ya kutulia? Imejaribiwa kwa kanuni gani, na cheti kiko wapi? Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania itafutwe. Ahadi ya miaka 25 kutoka kwa mchuuzi asiye na duka haina thamani.

Tatu, fedha yote isilipwe siku moja. Sehemu izuiwe hata paneli ipimwe.

Nne, fundi apime saa sita mchana siku isiyo na mawingu, kwa mita yenye uwezo wa kubeba mkondo ulioandikwa nyuma ya paneli. Volti na ampea ziandikwe katika daftari la mali, pamoja na tarehe. Kila baada ya miezi mitatu apime tena saa ile ile. Namba zikishuka mfululizo, au kingo zikibadilika rangi, muuzaji aitwe kabla ahadi yake haijaisha.

Tano, vumbi la kiangazi lifutwe asubuhi kwa maji na kitambaa laini. Mchanga na majivu hukwaruza kioo.

Sita, vyama vinunue kwa pamoja kupitia chama kikuu. Muuzaji humpuuza mnunuzi wa paneli moja, bali humwogopa mnunuzi wa paneli mia. Hiyo ndiyo nguvu ya ushirika.

Kwa sasa, chama kinachohitaji taa mwaka huu kinunue silikoni iliyokwisha jaribiwa. Peroviskaiti isidharauliwe, huenda mtoto wa mkulima wa Tabora ndiye atakayeitandaza kesho katika maabara ya Dar es Salaam, na bei yake ikawafaa wengi. Lakini majaribio yafanywe kwa fedha ya maabara, si kwa akiba ya wakulima. Msafiri wa zamani aliyefika salama hapa Kwihara alikuwa ni yule aliyefungua mzigo na kuukagua kungali pwani.