Rubani Aliyetuachia Kazi Inayoendelea

(Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia, Theta)

 

Hapa Theta tukiinama kwenye kahawa au mahindi tunasikia ndege juu yetu. Watoto wanapunga mkono, sisi tunaendelea na jembe. Tunadhani ndege ni ya matajiri. Leo nataka tumkumbuke rubani mmoja aliyeitumia ndege kama Msamaria mwema alivyomtumia punda wake.

Jina lake ni Michael Wood. Alikuwa daktari wa upasuaji, Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati ule madaktari wa kupasua walikuwa wachache sana, na karibu wote walikaa mijini. Mama wa Turkana akishindwa kujifungua, au mtoto akiungua moto huko mbali, barabara ilikuwa mbovu na safari ilikuwa ya siku kadhaa. Wengi walifia njiani. Basi huyu daktari, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, akajifunza kurusha ndege. Hakungoja mgonjwa aletwe. Alimfuata.

Mwaka 1957, yeye na madaktari wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya madaktari wa ndege, ambayo sisi tuliijua kwa jina la AMREF. Kituo chake cha ndege ni Uwanja wa Wilson, Nairobi. Alikuwa akiruka hadi hospitali za misheni, anapasua wagonjwa, kisha anarudi.

Lakini ndugu zangu, sikilizeni hapa. Ndege haitui juu ya miti. Ni lazima watu wa mahali pale wafyeke kiwanja, waondoe mawe, wafukuze ng'ombe. Ni lazima kuwe na mtu wa kuita kwa redio, na muuguzi wa kumwangalia mgonjwa baada ya daktari kuondoka. Hata yule Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni mgonjwa amtunze. Rubani akisifiwa peke yake, tumesahau nusu ya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuingie nyumbani kwake. Mkewe, Susan, alizaliwa Kongo, mtoto wa wamisionari. Mume akiwa angani, mama huyu hakukaa tu akingoja. Mwaka 1975 alianza kutengeneza shanga za udongo huko Karen, pamoja na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi hiyo aliiita Kazuri, yaani kitu kidogo na kizuri. Kutoka kwa wawili, ikaja kuajiri mamia. Hiyo ndiyo familia: kila mmoja alikuwa na kazi yake, na kila mmoja aliiheshimu ya mwenzake.

Mwaka 1985 mzee Wood alisaidia kuanzisha shirika lingine, FARM-Africa, la kuwasaidia wakulima wadogo. Miaka miwili tu baadaye, 1987, alifariki. Je, kazi ilizikwa naye? La. Katika miaka ya 1990 shirika hilo lilifanya kazi Meru na vikundi kama vyenu, wakizalisha mbuzi wa kienyeji na beberu wa Toggenburg ili wapate maziwa. AMREF nayo iliendelea, na madaktari wa ndege bado wanaruka. Na Kazuri ilizidi kukua.

Haya, tujiulize sisi. Mimi nimeona vikundi vingi vikianza kwa nyimbo na harambee. Halafu mwenyekiti anafariki. Tunalia, tunachanga, tunazika vizuri. Mwezi unaofuata hakuna anayejua kitabu cha akiba kiko wapi. Mjane anaulizwa, naye hajui, maana mumewe hakumwambia kitu. Maneno yanaanza: "Pesa zilienda wapi?" Kikundi kinakufa, na jina la marehemu linaharibika, hata kama hakula senti moja. Si ni kweli? Huo ni msiba wa pili, na huo tunajiletea wenyewe.

Kwa hivyo, ukimpenda mwenyekiti wako, usimwachie kila kitu. Kitabu kisomwe mbele ya wote kila mkutano. Watu watatu wajue hesabu, siyo mmoja. Na wewe kiongozi, leo jioni keti na mkeo, au mumeo, umwonyeshe mali ya kikundi ni ipi na ya nyumba ni ipi. Kupenda familia ni pamoja na kutowaachia fumbo.

Mzee Wood alitua mara ya mwisho, ndege hazikusimama. Tuishi hivyo. Mungu awabariki.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Viongozi wetu wakiondoka leo, nani anajua hesabu zetu?
2. Nani kati yetu "anafyeka kiwanja" bila kushukuriwa?
3. Ni kazi gani tunataka iendelee baada yetu?