Mzunguko Mmoja, Betri Moja: Mazoezi na Mchujo katika Mbio za Pikipiki za Umeme

Mazungumzo yaliyotolewa kwa waendeshaji bodaboda na vijana katika kikao cha uhamasisho kuhusu usafiri wa umeme



Swali linaloulizwa sana kwenye steji ni hili: pikipiki ya umeme ina mbio kweli? Ina. Ducati V21L, iliyotumika katika mashindano ya dunia ya MotoE kuanzia 2023, ilifikisha kilomita 275 kwa saa katika uwanja wa Mugello, Italia. Mbio hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa lile lile linalomsumbua mwendeshaji wa hapa nyumbani, yaani chaji.

Pikipiki hiyo ina uzito wa kilo 225, na betri peke yake ni takriban kilo 110. Kuichaji hadi asilimia 80 huchukua kama dakika 45. Kwenye mbio za petroli fundi humimina mafuta na mwendeshaji akarudi uwanjani papo hapo. Hapa hilo haliwezekani, na ndiyo sababu kanuni za mazoezi na mchujo ziliandikwa kwa kuifuata betri.

MotoE ilipoanza 2019, mchujo uliitwa E-Pole. Waendeshaji 18 waliingia uwanjani mmoja mmoja. Aliyekuwa wa mwisho katika mazoezi alitangulia, na aliyeongoza mazoezi akafunga orodha. Kila mmoja alipewa mzunguko wa kutoka na kupasha tairi moto, kisha mzunguko mmoja tu wa kupimwa muda, kisha akarudi. Hakuna kurudia. Ukianguka, au ukivuka mpaka wa barabara na muda wako ukafutwa, unaanzia nyuma kabisa siku ya mbio. Ulikuwa utaratibu mkali, lakini ulikuwa wa haki: hakuna aliyeweza kujibanza nyuma ya mwenzake ili akingwe upepo, na chaji iliyotumika ilikuwa ndogo.

Mwaka 2022 E-Pole iliondolewa. Mfumo uliochukua nafasi yake ulifanana na ule wa MotoGP. Nyakati za vipindi vya mazoezi zilijumlishwa katika orodha moja, na wanane wa kwanza walienda moja kwa moja mchujo wa pili. Kumi waliobaki walipambana katika mchujo wa kwanza, na wawili tu kati yao ndio waliopanda. Hivyo mchujo wa pili ulikuwa na waendeshaji kumi waliogombea nafasi kumi za mbele, na wengine walipangwa kuanzia nafasi ya 11. Kila mchujo ulikuwa wa dakika kumi.

Dakika kumi si nyingi. Mugello, ambako mzunguko mmoja ulikaribia dakika mbili, mtu alipata majaribio matatu au manne. Na tangu 2023 mazoezi na mchujo vilifanyika Ijumaa, mbio zote mbili zikawa Jumamosi, kwa mpangilio uleule wa kuanzia. Aliyezembea kwenye mazoezi ya asubuhi alilipa mara mbili siku iliyofuata. Mazoezi hayakuwa ya kupasha mwili tu. Yalihesabiwa.

Kuna tukio ambalo wenye pikipiki za umeme wanafaa kulijua. Machi 2019, wakati wa majaribio huko Jerez, Uhispania, moto ulizuka usiku katika hema la kuchajia na kuteketeza pikipiki zote 18 kabla hata ya mbio ya kwanza. Hakuna aliyeumia. Msimu uliokuwa uanze Mei ulisogezwa hadi Julai, ukafunguliwa Sachsenring, Ujerumani, kwa pikipiki mpya. Wale walikuwa na mafundi wa kiwanda na wazima moto karibu. Anayechaji chumbani, kando ya godoro na jiko la gesi, hana hata kimoja.

Vijana wameuliza pia kama hiyo ni njia ya kutafutia riziki. Kwa sasa mlango huo umefungwa. Septemba 2025 shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, FIM, pamoja na Dorna, waandalizi wake, walitangaza kwamba MotoE ingesimamishwa baada ya msimu huo. Mashabiki hawakufika idadi iliyotarajiwa, na soko la pikipiki za umeme za mbio kali halikukua. Bingwa wa mwisho ni Alessandro Zaccone wa Italia.

Soko la pikipiki ndogo za umeme za kubeba abiria ni habari nyingine, na hilo mnalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mnazipanda kila siku. Sasa maswali, tukianza na wale wa nyuma.