Kuzungumza na jirani si woga

Wandugu wa Salamabila, na ninyi munaotufuata kwa simu kule Kasongo, Kindu na Bukavu,

Serikali ikienda kuzungumza inje, watu wanasema tumeuzwa. Wanataka silaha tu. Lakini sisi hapa tunajua silaha tu inaleta nini. Kwa mgodi wa Namoya kulikuwa Banro, kampuni ya Kanada, kulikuwa askari, kulikuwa Mai-Mai Malaika. Mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Nani alishinda? Mimi simuoni.

Mukumbuke Addis Ababa, tarehe 24 Februari 2013. Nchi 11 ziliweka sahihi kwamba hakuna atakayesaidia kundi lenye silaha kwa jirani. Kongo nayo iliahidi kurekebisha jeshi na polisi, na kufikisha mamlaka ya serikali mashariki. Kabla ya hapo, nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Marekani zilikuwa zimezuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda. Mwaka ule ule M23 ikashindwa. Jeshi lilipigana, ndiyo, lakini diplomasia ndiyo ilikata mizizi.

Kiisha tukalala. Mwisho wa 2021 M23 ikarudi, na mwaka 2025 tukapoteza Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Karatasi ya Addis Ababa haikuwa na kosa. Hakuna aliyeifuatilia, Kinshasa wala kwa majirani.

Sasa tuko na Washington, mapatano na Rwanda ya tarehe 27 Juni 2025, na Doha, mazungumzo na AFC/M23. Ninayaunga mkono. Lakini kijana wa Malaika hakuketi Doha, na hakuna aliyeweka sahihi kwa jina lake. Mimi niko na diploma ndani ya sanduku, sina kazi. Yeye yuko na bunduki, anakula kila siku. Nani atamushawishi aiweke chini? Mapatano ya Washington yanagusa hata biashara ya madini, na dhahabu iko hapa, chini ya miguu yetu!

Kwa hiyo tunaomba madepite wa Kabambare wamuulize waziri wa mambo ya inje, mbele ya Bunge: mapatano haya yatasomwa lini kwa Kiswahili hapa kwetu? Na programu ya P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021 kwa kupokonya silaha na kurudisha vijana katika maisha ya raia, itakuwa na pesa gani kwa Salamabila? Tunataka jibu kwa maandishi.